Kwa nini ukoo wetu uligoma kuhamia Telegram

Januari 2021 kila mwenye WhatsApp alipata lile tangazo la masharti mapya, kubali kabla ya tarehe 8 Februari au huduma itakatika, na ndani ya siku chache grupu letu la ukoo likachafuka. Ilianza ile meseji ndefu ya kutisha iliyokuwa inafowadiwa kila mahali, kwamba Facebook, ndo wenye WhatsApp, sasa watasoma kila unachoandika na kusikiliza simu zako, sijui picha zako zitauzwa, alafu chini imeandikwa sambaza kwa wote unaowapenda. Baada ya hapo binamu yetu aliyeko Minneapolis akaweka linki ya Telegram, aplikesheni nyingine ya meseji kama WhatsApp, akaandika tuhameni jamani huku pameisha. Miezi iliyofuata tuligombana mpaka watu wakaacha kusalimiana, na ukimwambia mtu wa nje anasema si aplikesheni tu hiyo. Mimi ndo nilikuwa katibu wa grupu na mpaka leo bado ndo mimi, nimeyaona ya pande zote, na naandika hapa kwa sababu magrupu mengi ya ukoo, ya waliosoma pamoja, ya mtaa, yanapitia hii hii, na kila mara wanaokataa kuhama wanaitwa washamba. Hilo neno linaniuma, manake waliokataa kwetu walikuwa na sababu nzito kuliko sisi tuliokuwa na simu kubwa.

Kwanza mjue ni grupu la namna gani. Ukoo wetu asili ni Upare, wilaya ya Same, kule juu Suji, ila watu wametapakaa, Dar ndo wengi, wengine Moshi, Mwanza, Nairobi, kuna wawili wako Dubai na hao wa Marekani. Grupu lilifunguliwa kuchangia msiba wa babu na baada ya mazishi hakuna aliyelifunga, likaendelea, na ukiangalia vizuri hiyo ndo kazi yake mpaka leo. Salamu za asubuhi zipo, picha za graduesheni zipo, mistari ya Biblia ipo, lakini kinachowakalisha watu pale ni kufa na kuzikana. Mtu akifariki usiku, asubuhi chai haijaiva listi ya michango imeshaanza kuzunguka, unaikopi, unaongeza jina lako na kiasi, unaipesti, mwingine naye anaikopi anaongeza lake, ukishatuma hela kwa simu unawekewa tiki. Mwenye kupokea hela na kuweka hizo tiki ni shangazi yetu wa Suji, mweka hazina wa ukoo tangu tunatumia daftari peke yake. Yeye ndo anajua sanda imenunuliwa wapi, mchele kilo ngapi, turubai limekodiwa kwa nani na deni la nani limebaki.

Sasa nisiwaonee waliotaka kuhama, sababu zao zilikuwepo. Grupu lilikuwa limejaa. WhatsApp wakati ule grupu mwisho wake watu 256, ilikuwa hivyo tangu 2016, na ukoo ambao kila mwaka watu wanaoa na kuolewa hauwezi kutosha humo. Kila akija mke mpya wa mtu au kijana akipata simu yake ya kwanza mimi napigiwa, katibu tuadie huyu, na siwezi kumuadi mpaka nimtoe mwingine, nikawa natafuta laini zilizokufa, mwenye laini mbili namtoa moja, na zilipoisha hizo ikabaki kuchagua watu. Kuchagua nani atoke kwenye grupu la ukoo wake mwenyewe ni kazi ambayo simtakii mtu. Telegram grupu moja linabeba mpaka watu laki mbili, kwa hiyo hapo hoja ilikuwa imesimama.

Na huyu binamu wa Minneapolis alikuwa na lake moyoni. Miaka ya 2000, kabla ya WhatsApp, hawa walioko nje walikuwa wanaandikiana kwa imeili kwenye huduma moja ya bure, na yeye alikuwa ameweka humo mti wa ukoo alioupata kwa kumhoji babu akiwa hai, pamoja na picha za wazee alizoskani. Ile huduma ikafungwa na vitu vikaenda. Ndo miaka yenyewe hiyo, Google+ ilifungwa Aprili 2019, BBM, ile ya kuchati ya BlackBerry, ya watu wa kawaida ikafungwa Mei 2019, Yahoo Groups ikazimwa kabisa Desemba 2020, wiki chache tu kabla ya lile tangazo la WhatsApp. Babu hayupo tena wa kuhojiwa mara ya pili. Kwa hiyo binamu alikuwa anakimbia kitu alichokiona kwa macho yake, na Telegram kwa kuwa meseji na picha zinakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni, ukibadilisha simu unavikuta vyote, aliona pale ndo pa kuhifadhia. Wengi kwenye grupu hawakujua hilo, walimwona tu ni mtu wa Marekani anayetaka kutuamrisha.

Lile tangazo lenyewe nilikaa nikalisoma lote, na nikawaandikia watu kwa Kiswahili kilichonyooka. Mabadiliko makubwa yalihusu mazungumzo yako na biashara, zile kampuni zinazokujibu kwa WhatsApp. Meseji za mtu na mtu na za magrupu zilibaki zimefungwa kutoka simu hadi simu, hakuna wa katikati anayeweza kuzisoma, kama zilivyokuwa tangu Aprili 2016, na hilo suala la namba yako na taarifa nyingine kupelekwa Facebook lilishaanza tangu mwaka ule ule wa 2016, wengi tulibonyeza kubali bila kusoma. Kelele zilipozidi duniani wakasogeza tarehe mpaka Mei 15. Telegram je? Grupu la Telegram halijafungwa kwa namna hiyo, ni yale mazungumzo ya siri ya watu wawili tu ndo yanafungwa, mengine yote yako kwenye seva zao na funguo wanazo wao. Mtu aliyekuwa anahama kwa sababu ya usiri alikuwa anatoka kwenye nyumba iliyofungwa anaenda kwenye isiyofungwa. Niliandika hayo mara kadhaa. Walionielewa walikuwa wachache kwa sababu ile meseji ya kutisha ilikuwa fupi kuliko maelezo yangu na ilishafika mpaka vijijini.

Kuna waliosema basi twende Signal, aplikesheni nyingine tena ya meseji. Kwa usiri hiyo ndo ilikuwa jibu zuri, magrupu yake yamefungwa na Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp wenyewe, aliweka dola milioni 50 kuianzishia taasisi yake mwaka 2018. Lakini Elon Musk aliandika watu watumie Signal tarehe 7 Januari na dunia nzima ikaenda kwa pamoja, namba za kuthibitisha zikawa zinachelewa kufika, na tarehe 15 huduma yenyewe ikalala. Wazee waliokaa wanasubiri namba mpaka wakachoka hawakurudi kujaribu tena.

Turudi kwa shangazi. Baada ya linki kuwekwa nilimpigia.

"Shangazi shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mmeshakubaliana kuniacha?"

Nikamwambia hapana shangazi, hakuna aliyeamua. Akaniuliza hiyo Telegram inaingiaje kwenye simu yake. Simu yake ilikuwa Smart Kitochi, ile ya vitufe waliyoitoa Vodacom 2019, ilikuwa inauzwa chini ya elfu hamsini, inatumia mfumo wa KaiOS. Ile simu ilibadilisha maisha ya wazee wengi vijijini na naona haijapewa heshima yake, mtu anabaki na vitufe vyake alivyovizoea, chaji inakaa siku kadhaa, na WhatsApp wakati ule ilikuwepo. Telegram rasmi kwenye KaiOS haikuwepo. Kwa hiyo swali la kama shangazi anataka kuhama au hataki lilikuwa halipo kabisa, mlango wenyewe haupo. Akasema, "Mimi nina daftari na nina hii simu. Nyie nendeni, ila hela za msiba sijui mtamtumia nani." Alisema taratibu tu wala hakukasirika, na kwa kweli sikuwa na jibu la kumpa.

Baba mdogo yeye simu janja anayo, tena nzuri, lakini ni mzee wa kanisa. Kila anayejua mitandao ya Bongo anajua Telegram inasifika kwa nini, movi za bure na hizo video za aibu ambazo vijana wanaziita konekisheni. Na Telegram ukijiunga, watu wenye namba yako wanapata taarifa kwamba fulani amejiunga. Baba mdogo aliliwaza hilo kabla yetu sote. Waumini wake karibu wote wana namba yake, ataenda kumweleza nani mmoja mmoja kwamba amejiunga kwa ajili ya ukoo? Vijana walimcheka kwenye grupu na mimi nikafuta yale maneno, kwa sababu mtu aliyejenga jina lake kwa miaka arobaini ana haki ya kulilinda, na hakuna mtu wa kumpangia lionekane wapi.

Alafu kuna bando. Hili sisi wenye waifai ofisini tunalisahau haraka sana. Kule kwetu mtu ananunua bando la siku, mwingine ananunua lile la mitandao ya kijamii kwa sababu ndo analimudu, WhatsApp imo, akifungua kitu kingine anakula salio. Na Telegram ukiiacha ilivyo inaweza kupakua video yenyewe. Mwaka ule ule, Aprili 2, tuliamka bando zimebadilishwa bei nchi nzima, kelele zikawa kubwa mpaka zikarudishwa zilivyokuwa, sasa katika hali hiyo unamwambia mama anayeuza ndizi Makanya aongeze aplikesheni ya pili ya kazi ile ile.

Pamoja na yote hayo karibu nusu ya grupu walihama. Na hapa ndo niliona kitu ambacho sijawahi kukisahau. Niliangalia majina ya waliojiunga kule Telegram, vijana wote wa Dar, wa Nairobi, wa nje wote, wasemaji wote, wale ambao siku nzima wanaandika. Kutoka Suji hakuna hata mmoja. Ukitazama kwa haraka unasema ukoo umehama, manake kelele zote zimehamia kule, huku WhatsApp kimya. Lakini wanaochimba kaburi walibaki kwenye ule ukimya. Wanaopika walibaki. Mwenye daftari alibaki. Watu hawa hata siku za kawaida hawaandiki, wanasikiliza tu zile meseji za sauti jioni, na kwa kuwa hawaandiki hakuna aliyewahesabu. Sijui magrupu mengine yana watu wa namna hiyo wangapi ila nina hakika wapo, na kwa kawaida ndo hao wanaolibeba grupu.

Mwezi wa nne mama mkubwa akafariki Moshi. Listi zikawa mbili. Telegram waliianzisha yao, WhatsApp wakaianzisha yao, mimi nikawa nahamisha majina kwa mkono kutoka huku kwenda huku mpaka usiku, na huku watu wanaongeza huku wanaongeza, kiasi kinabadilika, mwingine kaandika ahadi mwingine kashatuma. Ndugu yetu mmoja wa Dubai alituma hela yake mapema kabisa kupitia kwa rafiki yake aliyeko Dar, akajiandika kwenye listi ya Telegram akaweka na skrinshoti ya muamala. Shangazi kwenye simu yake aliona hela imeingia kwa jina asilolijua, akaiandika kwenye daftari hivyo hivyo, haijulikani ya nani.

Kwetu baada ya mazishi, watu wakishakula, kikao kinakaa na michango inasomwa kwa sauti, jina na kiasi. Ni heshima kwa waliotoa na ni hesabu kwa waliopokea. Jina la yule ndugu halikusomwa. Mama yake alikuwa amekaa pale mbele na wenzake, anasubiri kusikia mwanae ambaye hakuweza kuja amesimama vipi na ukoo, na orodha ikafika mwisho. Hakusema kitu. Jioni mwanae alipompigia akamwambia mbona umenitia aibu mwanangu, na yule kijana huko Dubai, ambako WhatsApp unaandika vizuri ila kupiga simu kwa intaneti kumebanwa, akatumia salio lake lote la simu ya kawaida kunipigia mimi analia. Hela yake ilikuwepo. Tulisahihisha, shangazi alisimama kesho yake kwenye matanga akalisoma jina peke yake na kueleza ilivyotokea, lakini kikao cha kwanza hakirudiwi.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhutubia. Baba mkubwa, ambaye ndo mwenyekiti, aliitisha kikao pale pale Moshi kabla watu hawajatawanyika, akauliza swali moja tu, msiba ukitokea nani lazima ajue wa kwanza? Watu wakajibu wa Suji. Basi, akasema, grupu litakaa pale walipo wa Suji mpaka wao waseme wanaweza kuhama. Vijana wengine walinung'unika kwamba tunarudishwa nyuma, ila mimi naamini alisema sawa na ningemuunga mkono hata leo. Grupu la biashara au la mpira unaweza kuhama na watakaokuja waje, watakaobaki utapata wengine. Ukoo hauna watu wengine.

Tuligawa kazi. Michango, taarifa za misiba na vikao vikabaki WhatsApp. Telegram haikufungwa, ikawa ndo sanduku la picha na historia, na binamu wa Minneapolis akapewa hiyo kazi rasmi ya kuujenga upya mti wa ukoo kwa kuwahoji wazee waliobaki, kwa sharti kwamba kila sehemu ikikamilika inachapishwa kwenye karatasi na nakala inapanda Suji. Aliguswa sana na hilo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza watu kuelewa alikuwa anahofia nini. Kwa kujaa kwa grupu tukakubaliana kila nyumba iwe na wawakilishi badala ya kila mtu, haikupendwa lakini ilitufikisha. Mwaka 2022 WhatsApp wenyewe wakaongeza, kwanza 512 alafu mwisho wa mwaka 1,024, nikawaadi wote niliokuwa nimewatoa.

Na tukarudisha simu ya kawaida. Kila nyumba ina mtu mmoja wa kupigiwa, usiku au mchana, kabla hata hujaandika kwenye grupu. Hii ilitokana na uzoefu. Uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ilibanwa hapa kwetu, WhatsApp ikiwemo, watu wakawa wanahangaika na VPN, zile aplikesheni za kukwepa kizuizi. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita, wale wa Telegram wakasema mmeona, na walikuwa na haki ya kusema. Novemba 2023 Kenya Telegram ikabanwa wakati wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, na Novemba 2024 ikabanwa tena, ndugu zetu wa Nairobi wakawa hawaingii, wale wa WhatsApp nao wakasema mmeona. Hivyo visa viwili ndo vilimaliza ubishi wa ipi bora.

Kilichobaki ni hiki. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba WhatsApp inaacha kuhudumia KaiOS, mwezi wa sita haipakuliki tena na mwanzoni mwa 2025 inazimika hata kwa waliokuwa nayo. Shangazi alikuwa amekataa kuhama na sasa alikuwa anahamishwa, ila safari hii tulijua mapema na hakuachwa peke yake. Binamu wa Minneapolis alituma hela ya simu janja bila kuombwa. Mjukuu wake shangazi akapanda kukaa naye likizo nzima, na kabla hawajawasha simu mpya walikaa na ile kitochi wakanakili kwenye daftari listi zote za michango zilizokuwemo, moja moja, kwa sababu shangazi alisema hizo hazitegemei simu ya mtu. Meseji za sauti anatuma sasa ndefu kuliko zamani. Juzi ameniuliza hiyo Telegram yenye picha za babu inafunguliwaje, nimemwambia mjukuu amwekee. Baba mdogo bado hataki, na nakala yake ya mti wa ukoo tunampelekea ya karatasi.